Kunawa Kusikokwisha: Ni Maradhi ya Ubongo, Si Uchawi

MSOMAJI, je, umewahi kufunga mlango wa nyumba, ukafika kituo cha matatu, kisha ukarudi mbio kuhakikisha kwamba kufuli limeshika? Bila shaka umewahi. Ulilitikisa, ukaridhika, ukaenda zako. Lakini wapo wasioridhika. Hao hurudi mara tano, mara ishirini, hata wakachelewa kazini huku machozi yakiwatoka.

Chukua mfano wa msichana wa kidato cha tatu huko Angurai, kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Kila anaposhika ndoo, pesa au kitasa cha mlango, wazo humjia kwamba amebeba uchafu utakaomuua mdogo wake. Hunawa. Wazo hurudi. Hunawa tena, hadi ngozi inapasuka na mtungi unakauka. Mama hulalamika kwamba sabuni imekwisha, mwalimu husema ni mvivu, na majirani hunong'ona kwamba amerogwa.

Binti huyu ni wa mfano tu, lakini maradhi yake si ya kubuni. Madaktari huyaita kwa herufi OCD, yaani mawazo sumbufu yanayomlazimisha mtu kurudia jambo lile lile. Hukadiriwa kuwapata watu 1 hadi 3 katika kila 100, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Wengine hunawa, wengine huhesabu, wengine hurudia sala wakihofu kwamba wamekosea neno.

Usiyachanganye na usafi. Wakati wa Korona mwaka 2020, sote tulihimizwa kunawa, na pale Malaba malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi madereva wakisubiri kupimwa. Kunawa kule kulikuwa na sababu, na aliyemaliza aliendelea na shughuli zake. Mgonjwa wa OCD mara nyingi anajua fika kwamba mikono yake ni safi. Tatizo ni kwamba hawezi kuacha.

KIZUIZI KIMEKWAMA

Kwa nini hawezi? Fikiria kizuizi cha mpakani. Lori hufika, afisa hukagua karatasi, hugonga muhuri, lori hupita. Ubongo nao una ukaguzi wake. Sehemu ya mbele, juu tu ya macho, hupiga kengele: "Kuna hatari!" Ujumbe hupitia sehemu ndogo iliyo ndani zaidi, iitwayo kodeti, ambayo husaidia kuamua upi uendelee na upi uzimwe. Kwa mgonjwa wa OCD, wataalamu wanaamini kwamba ukaguzi huu haufanyi kazi sawasawa. Lori lile lile huzunguka na kurudi, kana kwamba halijawahi kukaguliwa.

Hayo si ya kukisia tu. Mwaka 1987 Dkt. Lewis Baxter na wenzake huko California, Marekani, walipiga picha za ubongo wa wagonjwa na kuona kwamba sehemu hizo zilikuwa zikifanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1992 wakaonyesha jambo la kutia moyo zaidi: wagonjwa waliopata nafuu, wawe walitumia dawa au mafunzo ya tabia, kodeti zao zilikuwa zimetulia.

Kuna pia kemikali iitwayo serotonini, inayosaidia seli za ubongo kupashana habari. Dawa zinazoigusa, kama vile klomipramini na fluoksetini, huwasaidia wagonjwa wengi. Hata hivyo, usikimbilie kusema kwamba wamepungukiwa na serotonini. Panadol hutuliza kichwa, lakini kichwa hakiumi kwa kukosa Panadol!

Damu nayo ina sehemu yake. Aliye na mzazi au ndugu mwenye maradhi haya yumo katika hatari zaidi kuliko wengine, ingawa wengi wa jamaa hao hawaugui kamwe. Na kwa watoto wachache, chanzo chaweza kuwa koo. Vijidudu vya streptokoka visipotibiwa, kinga ya mwili yaweza kugeuka na kushambulia moyo, na wakati mwingine ubongo. Mtoto hurusharusha mikono na miguu asipotaka, na huenda akaandamwa na mawazo haya. Mzazi, usipuuze koo la mwanao.

UFANYEJE?

Kwanza, usimchape wala kumcheka. Pili, usimsaidie kunawa wala kumhakikishia mara mia kwamba ni safi, maana hilo huyalisha maradhi. Tatu, mpeleke hospitalini. Aliye Angurai aweza kuanzia Kocholya, au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Busia, aeleze dalili bila aibu na aombe kuelekezwa kwa daktari wa akili. Huko atafundishwa kushika ndoo bila kunawa, kidogo kidogo, mpaka hofu ishuke yenyewe. Akipewa dawa, avumilie: huenda zikachukua wiki 10 au 12 kabla ya kuonyesha nguvu yake yote.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya huiba masomo, kazi na ndoa kwa sababu tu wenyewe huyaficha. Msomaji, ukimwona mtu wa nyumbani mwako amekwama pale karoni, usimuulize nani kamroga. Muulize ameteseka tangu lini.