Mtumbwi Wako Unalala Wapi?

Ndugu msomaji, wewe ukaaye kando ya Ziwa Victoria huku Tanzania, mtumbwi ndio shamba lako. Basi ukirudi kutoka kuvua, usiuache popote. Mahali pa kushushia samaki si pa kuulaza. Wenzako watashushia wapi? Iulize kamati ya BMU, maana ndiyo iangaliayo mwalo wenu. Wala namba ya usajili ubavuni isifichwe kwa rangi mpya (wako wafanyao hivyo kusudi, nao wajijua).

Wengine hutaka kuujengea banda la kudumu ukingoni. La! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini kuufunika kwa nyasi kwafaa sana. Mbao zikikaa juani siku nyingi hukauka na kupasuka, kalafati hulegea, na siku ya kuushusha, maji huingia pande zote nawe uko mbali na nchi kavu.

Uvute juu ya magogo, mawimbi yasiufikie, uufunge mtini. Injini na makasia yapeleke nyumbani. Na watoto wasiuchezee ukiwa majini, hata kama umefungwa.