Suti Nyepesi, Heshima Nzito

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hiyo ilinijia nilipokuwa nimesimama barazani kwa mzee mmoja fundi cherehani katika soko la Sirisia, jua la saa saba likituchoma utosini. Mlangoni pake palitundikwa Kaunda suti ya kitambaa chepesi, rangi ya udongo, iliyokwisha kushonwa na kupigwa pasi. Mwenyewe, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, alikuwa ameirudisha. Hakuwa na ugomvi na mshono. Alitaka ifumuliwe, igeuzwe koti la kuvaliwa pamoja na tai kwa kuwa, alisema, hata Bunge limeikataa.

"Mwanangu," fundi aliniambia, "kitambaa hakikatwi mara mbili."

Msomaji atakumbuka agizo lenyewe. Mnamo tarehe 28 Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Mheshimiwa Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba Kaunda suti haitaruhusiwa Bungeni. Mwanamume sharti avae koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Mwaka huo huo Rais William Ruto alikuwa ameonekana mara nyingi katika vazi hilo, na mafundi wengi wakapata riziki kwa walioiga. Spika si mgeni Sirisia. Alikuwa mbunge wa eneo hili tangu uchaguzi wa 2002 hadi 2013. Simnyimi haki ya kulinda heshima ya nyumba anayoiongoza. Ninalouliza ni hili: heshima ya nguo imo katika unadhifu wake, au katika uzito wake na mahali ilikotoka?

Marehemu baba yangu alikuwa na Kaunda suti moja aliyoivaa kanisani na kwenye baraza za chifu. Kitambaa chake alikiita tetroni. Kwa miaka mingi nilidhani hilo ni neno la Kiingereza lililopotoshwa na ndimi zetu. Baadaye niligundua kwamba Tetron ni jina lililobuniwa na makampuni mawili ya Japani, Teijin na Toray, yaliyoanza kuuza nyuzi hizo mwaka 1958, nalo liliundwa kwa kuunganisha sauti za majina yao wenyewe. Basi mzee wa Kibukusu aliposimama kanisani kifua mbele, alikuwa amevaa kitambaa cha Kijapani, kilichokatwa kwa mtindo uliopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, na kushonwa na fundi wa Sirisia. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosa heshima.

Wala hayo hayakuwa mapya. Katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba kutoka Japani vilivipiku vile vya Uingereza katika maduka ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Berlin wa 1885, na ule wa Saint-Germain wa 1919, ilidai usawa wa biashara katika eneo lililoitwa bonde la Kongo, ambalo kwa mujibu wa mikataba hiyo lilienea hadi pwani yetu. Kwa hiyo Uingereza ilipowekea vitambaa vya Kijapani viwango vya kuingia katika makoloni yake mwaka 1934, haikuweza kufanya hivyo hapa. Mnunuzi maskini akaendelea kupata nguo kwa bei aliyoimudu. Hata merikani, kitambaa ambacho jina lake latokana na Marekani, kilifika pia kutoka Japani; jina likabaki lile lile.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponipa la kusema. Shati, koti na suti tumezitoa kwa Waingereza. Suruali imetufikia kupitia Waarabu. Cherehani ina asili ya Kiajemi. Hakuna anayesema maneno hayo si Kiswahili, kwa sababu tumeyavisha irabu zetu, tumeyatia katika ngeli zetu na kuyatumia kwa haja zetu. Nguo nayo ni vivyo hivyo. Itabaki ya kuazima maadamu tunaivaa kama tulivyopewa. Ikishapunguzwa na kulegezwa ilingane na mwili wetu na jua letu, imekuwa yetu. Kwa kipimo hicho, vazi la kuazima ni lipi: Kaunda suti ya mwalimu mkuu, au koti zito lenye bitana na tai lililobakia kama lilivyotoka London?

Wajapani wamelipitia swali hili kabla yetu. Mwaka 1872 serikali yao ya enzi ya Meiji iliamuru mavazi ya Kizungu yawe rasmi katika sherehe za dola. Suti waliiita sebiro, neno ambalo baadhi husema limetokana na Savile Row, mtaa wa mafundi mashuhuri wa London, ingawa asili hiyo ina wabishi wake. Lakini majira ya joto ya Japani yana jasho na unyevu. Mwaka 2005, chini ya Waziri Mkuu Junichiro Koizumi, serikali ilianzisha kampeni iliyoitwa Cool Biz: mitambo ya kupoza hewa maofisini iwekwe kwenye nyuzi 28, na wafanyakazi waache tai na koti nyumbani. Koizumi mwenyewe alijitokeza bila tai. Baada ya tetemeko la 2011 na uhaba wa umeme uliofuata, masharti yalilegezwa zaidi. Dola ya Japani haikuanguka.

Ukweli ni kwamba wafumaji wao walikuwa na maarifa hayo tangu kale. Yapo mavazi ya kitani yaitwayo chijimi, kutokana na kitenzi chenye maana ya kunywea. Nyuzi za mshindio husokotwa kwa nguvu mno. Kitambaa kikioshwa, hunywea na kufanya vijikunjo vinavyokizuia kisigandamane na ngozi. Ufumaji wa aina hiyo wa Ojiya uliingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya turathi za binadamu. Vivyo hivyo sufu nyepesi: uzi uliosokotwa sana, mtande na mshindio ulioachiana nafasi, hewa ipite na nguo isikunjamane. Wepesi, basi, si uzembe. Ni kazi ya ujuzi mkubwa.

Atakayenijibu atasema kwamba Bunge likilegeza kamba leo, kesho litavaliwa kaptura. Hofu hiyo naielewa, lakini dawa yake ni kanuni inayopima usafi, mshono na stara. Tai haijawahi kumzuia mtu mzima kutukana.

Kuna jambo zito kuliko tai. Karibu na Sirisia, huko Malakisi, kiko kinu cha kuchambulia pamba kilichowahi kuwa tegemeo la wakulima wetu. Eldoret kipo kiwanda cha Rivatex, kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya 2019. Baina ya mkulima na kiwanda yuko fundi wa barazani, ambaye hawezi kushindana na koti la mtumba lakini anaweza kushona suti nyepesi inayomkaa mteja sawasawa. Wakubwa wanapoiharamisha nguo hiyo, mwalimu wa kijijini husikia kwamba kazi ya fundi wake ni duni.

Namwomba Spika alitazame upya agizo lake. Naye mwalimu mkuu namsihi aende akaichukue suti yake jinsi ilivyo, aivae mbele ya wanafunzi, na amlipe mzee wa watu haki yake.