Zama za Barafu: Je, Baridi Kuu Yaweza Kurudi?

Mtu asimamaye Nanyuki alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, hukiona kilele cha Batian cha Mlima Kenya, chenye kimo cha zaidi ya futi 17,000, na chini yake mabaka meupe. Mabaka hayo ni barafu. Johannes Rebmann alipoleta habari kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, na mwenziwe Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka 1849, baadhi ya wasomi wa London hawakusadiki hata kidogo, wakidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wenyeji walioishi chini ya milima hiyo, ambao baba zao na babu zao waliuona weupe ule kila siku, hawakuulizwa.

Lakini wasomaji wetu watastaajabu zaidi wakiambiwa kwamba barafu tuionayo ni masalio tu ya ile iliyokuwako. Mwaka 1893 J. W. Gregory, mtaalamu wa elimu ya mawe, aliupanda Mlima Kenya, akakuta matuta makubwa ya mawe na udongo mbali sana chini ya barafu. Alijua maana yake. Theluji ikirundikana miaka mingi hushindiliwa na uzito wake yenyewe ikawa barafu, na barafu hiyo huteremka bondeni polepole mno, ikisaga miamba na kuyabeba mawe. Ifikapo mahali penye joto huyeyuka na kuyatua mawe yale, kama vile mto uliofurika unavyoacha magogo na takataka ukingoni. Matuta ya mlima huu yashuka mpaka karibu futi 11,000. Basi hapo kale barafu ilifika huko.

Wakati huo, miaka 21,000 hivi iliyopita, nchi ya Kanada na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini zilifunikwa na barafu ambayo mahali pengine unene wake ulikuwa kama maili 2. Mahali ulipo mji wa New York palikuwa chini ya barafu. Maji yote hayo yalitoka baharini, kwa hiyo bahari ilipungua kina kwa futi 400 hivi. Pwani yetu haikuwa hapa ilipo. Mtu angeweza kwenda kwa miguu kutoka bara mpaka Unguja, kwa kuwa mlango wa bahari uliopo kati yake na bara si wenye kina kikubwa. Bali Pemba ilibaki kisiwa, kwa sababu bahari iliyo kati yake na bara ni ya kina kirefu mno.

Wengi hudhani kwamba nyakati hizo Afrika ilikuwa na maji mengi. La, sivyo. Bahari ikipoa hutoa mvuke mchache, na mvuke ukiwa mchache mvua hupungua. Ziwa Victoria, ambalo leo mvuvi akiwa katikati yake haoni ufuko wo wote, lilikauka kabisa likawa mbuga, na halikujaa tena mpaka karibu miaka 15,000 iliyopita. Baridi kuu ilikuja kwetu kwa sura ya ukame.

Ni nini kilicholeta mambo hayo? Kwanza yafaa tujue kwamba baridi kuu haikuja mara moja tu. Katika miaka 800,000 iliyopita imekuja na kuondoka mara kadha wa kadha, na katika muda huo kila mzunguko ulichukua yapata miaka 100,000. Jambo lirudilo kwa mpango namna hiyo halikosi kuwa na chanzo chenye mpango.

Mmoja wa watu wa kwanza kukitafuta chanzo hicho mbinguni alikuwa James Croll wa Uskoti. Huyu hakupata masomo mengi shuleni. Alikuwa seremala, akauza majani ya chai, akaendesha nyumba ya wageni, na kazi hizo zote hazikumfaa. Mwaka 1859 aliajiriwa kuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho huko Glasgow. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini palikuwa na vitabu, naye alivisoma. Mwaka 1864 alitoa makala akieleza kwamba njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika, na kwamba mabadiliko hayo ndiyo yaletayo zama za barafu. Mabingwa wa vyuo vikuu walilazimika kumjibu mlinzi wa mlango.

Kazi yake ilitimizwa na Milutin Milankovitch, Mserbia. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza alikamatwa na Waaustria. Baadaye aliruhusiwa kukaa Budapest, akaendelea na hesabu zake katika maktaba ya huko. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1941.

Maelezo yake kwa ufupi ni haya. Dunia ni kama pia ya mtoto. Pia izungukapo huwa imeinama kidogo, na kichwa chake huyumba kikichora duara hewani. Kadhalika dunia: huyumba, na duara moja huchukua zaidi ya miaka 20,000. Tena mwinamo wake huongezeka na kupungua kila miaka 41,000. Na njia yake ya kulizunguka jua mara huwa karibu duara kamili, mara hurefuka kidogo kama yai, kwa muda wa miaka 100,000 na zaidi. Mambo hayo matatu yakikutana kwa namna fulani, nchi za kaskazini hupata jua hafifu wakati wa kiangazi chao.

Hapa ndipo Croll alipokosea. Yeye alidhani kwamba kipupwe kikali ndicho kiletacho barafu. Milankovitch alionyesha kwamba jambo kubwa ni kiangazi cha baridi. Theluji huanguka kila mwaka kaskazini. Kinachotakiwa ni isiyeyuke. Ikibaki mwaka huu, ya mwaka ujao huanguka juu yake. Nayo kwa kuwa ni nyeupe hulirudisha jua, kama vile kanzu nyeupe inavyompunguzia mtu joto, na nchi huzidi kupoa.

Milankovitch alifariki mwaka 1958, na wengi hawakumwamini. Mwaka 1976 wataalamu watatu, Hays, Imbrie na Shackleton, walichunguza matope yaliyotolewa chini ya Bahari ya Hindi upande wa kusini, wakapima vigamba vidogo vya viumbe vya baharini vilivyomo. Mizunguko ile ya hesabu ilikuwamo ndani ya matope.

Hata hivyo jua peke yake halitoshi kueleza yote. Katika barafu ya Antaktika mna mapovu ya hewa ya kale. Hewa ya ukaa, yaani ile itokayo katika moto na katika pumzi zetu, hulizuia joto la dunia lisipotee, mfano wa blanketi. Zamani za baridi kuu ilikuwa sehemu 180 katika kila milioni ya hewa; zamani za joto ilikuwa kama 280. Blanketi lilipokuwa jembamba, baridi ilizidi.

Sasa, je, baridi kuu itarudi? Kwa desturi ya dunia, ndiyo. Muda huu wa joto tulio nao umekwisha kudumu miaka 11,700, na mingine kabla yake haikudumu daima. Lakini njia ya dunia kulizunguka jua sasa iko karibu na duara, na itakaa hivyo kwa muda mrefu, hata wapigao hesabu waona kwamba barafu haingerudi kabla ya miaka 50,000 hivi. Tena tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta, hewa ya ukaa imepanda kutoka 280 hata kupita 420, kiasi kisichopata kuonekana katika mapovu yale yote ya miaka 800,000. Blanketi limekuwa nene, na kwa ajili hiyo baridi kuu yaweza kukawia zaidi.

Kwa hiyo anayengojea baridi ya asili ije ipunguze joto la siku hizi angoja kitu kisichoweza kumfikia yeye, wala wajukuu wa wajukuu wake. Mlima wenyewe waonyesha. Mwishoni mwa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na mito 18 ya barafu. Zaidi ya nusu yake imekwisha kutoweka. Ule uitwao Lewis, uliopimwa tangu mwaka 1934, ulikuwa umepoteza karibu sehemu 9 katika 10 za barafu yake ulipofika mwaka 2010. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro yatazamiwa kwisha ifikapo mwaka 2050. Mtoto anayezaliwa Nanyuki mwaka huu huenda akawahi kuiona, na wanawe wakaonyeshwa matuta ya mawe tu.