Je, wajua kwa nini ruta inagombana na nyumba ya bati?

Kikasha cha ruta kinachokaa juu ya kabati la tivii ni kituo kamili cha redio. Kina mtambo wa kurushia, kina antena, kina masafa yake, na mwenye nyumba hakukiombea leseni popote. Nguvu yake, hata hivyo, ni ya kuchekesha. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ruta ya kawaida hurusha hewani takribani wati 0.1. Taa ya LED ya wati 5 inayowaka barazani inakula umeme mara 50 ya huo. Na simu iliyoko chumba cha pili haiambulii hata wati 0.1 yenyewe, inapokea kama sehemu moja ya bilioni moja tu, na bado video inacheza bila kukwama.

Ukilijua hilo, malalamiko ya kila siku kwamba "ruta hii haina nguvu" yanabadilika sura. Hakuna ruta ya nyumbani yenye nguvu, iwe ya shilingi elfu hamsini au ya laki tatu. Tofauti kubwa iko njiani: ni nini kinachokula kile kidogo kabla hakijafika kwenye simu?

Mwadui ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo, kwa sababu huko mawimbi yana kazi yenye pesa. Tangu Mkanada John Williamson alipougundua mwamba wa kimbalaiti wenye almasi mwaka 1940, mji huo wa Kishapu, mkoani Shinyanga, umeishi kwa almasi. Ndiko ilikotoka mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5 ambayo binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipewa kuwa zawadi ya harusi. Sasa, almasi inatambulikaje katikati ya tani na tani za kifusi? Njia moja inayotumika katika viwanda vya almasi ni kupitisha kokoto chini ya eksirei. Almasi ikipigwa na eksirei hung'aa, kitambuzi kinauona ule mwanga, na pumzi kali ya hewa inalipuliza jiwe pembeni kabla halijaanguka pamoja na mchanga.

Eksirei na waifai ni ukoo mmoja. Yote ni mawimbi ya umeme na sumaku, yote huenda kwa kasi ya mwanga. Kinachotofautisha ni masafa: ya eksirei yanazidi ya waifai kwa zaidi ya mara milioni 10. Ndiyo maana eksirei inaweza kung'oa elektroni kwenye atomu, na wafanyakazi wake huwekewa kinga, ilhali wimbi la waifai haliwezi kabisa kufanya hivyo. Mwenye hofu ya kulala chumba kimoja na ruta alale tu.

Lakini udhaifu huohuo unaotupa usalama ndio unaotupa shida. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, la gigahezi 5 lina kama sentimita 6. Vitu viwili vinalisumbua kuliko vyote: chuma na maji. Likigonga bati linarudi lilikotoka. Mlango wa chuma, geti, kabati la chuma, hata wavu wa mbu wa waya dirishani, kwa wimbi hili vyote ni ukuta. Wavu wa nailoni hauna neno. Maji yanalimeza: tangi la lita elfu moja lililokaa kati ya nyumba kubwa na banda la uani linaacha kivuli nyuma yake, na ukuta wa tofali uliolowa masika unakula zaidi kuliko ukiwa mkavu. Ukuta wa zege lenye nondo unaweza kubakiza sehemu moja tu kati ya kumi ya kilichoingia. Hata binadamu ni maji matupu. Sebule ikijaa watu waliokuja kutazama mechi, wa chumba cha nyuma wataona mtandao unazunguka, na sababu moja ni wale watu wenyewe, mbali na simu zao.

Nyumba nyingi za Maganzo, mji ulio nje ya uzio wa mgodi, zimeezekwa kwa bati, na bati lina ubaya wa pili. Wimbi likirudi kutoka darini linafika kwenye simu likiwa limechelewa kidogo kuliko lile lililokwenda moja kwa moja, na nakala mbili za ujumbe mmoja zinagongana. Tatizo hilo la mwangwi ndilo lililowasumbua wahandisi wote waliotaka kurusha data nyingi ndani ya vyumba, na ufumbuzi wake ulitoka mahali pasipotegemewa. Katika miaka ya 1970 Mwaustralia John O'Sullivan alikuwa akitafuta angani milio ya redio ya mashimo meusi madogo yanayolipuka, kama mwanafizikia Stephen Hawking alivyokuwa amebashiri. Milio hiyo hakuipata. Lakini hesabu alizozifanyia kazi za kusafisha mawimbi yaliyovurugika zilimfaa baadaye, alipokuwa na wenzake wa shirika la utafiti la CSIRO katika miaka ya 1990: waligawanya data katika vijito vingi vya polepole vinavyorushwa kwa pamoja, ili mwangwi usiwahi kuvuruga neno zima. Marekani iliwapa hataza mwaka 1996, na shirika lao likavuna mamia ya mamilioni ya dola kutoka kwa kampuni zilizoitumia mbinu hiyo. Ruta za tangu mwaka 2009 zimekwenda mbali zaidi: kwa kutumia antena kadhaa kwa pamoja zinaugeuza mwangwi kuwa faida. Kwa hiyo bati sasa halivurugi sana ndani ya chumba. Linazuia tu kutoka.

Tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mjini Dar es Salaam, aliyevutiwa faiba hadi nyumbani ana ruta yenye kazi moja: kugawa mtandao ndani. Huku mikoani, wengi wanatumia ruta ya laini, ile inayochomekwa kadi ya simu na kuwekewa bando. Kikasha hicho kina redio mbili tofauti. Moja inazungumza na mnara wa simu, pengine ulio kilomita kadhaa. Nyingine inazungumza na simu za watu wa nyumbani. Redio ya kwanza inataka kukaa juu, karibu na dirisha linalotazama mnara, mbali na bati. Ya pili inataka katikati ya nyumba, ili kila chumba kipate haki sawa. Kikasha ni kimoja. Ukikiweka dirishani, mnara unasikika vizuri na nusu ya waifai yako inakwenda kwa jirani. Ukikiweka katikati ya nyumba, vijistari vya waifai vinajaa kwenye simu lakini mtandao hautembei, kwa kuwa mnara umeshafichwa na kuta tatu na bati. Kilima cha kifusi cha mgodi kikisimama kati yako na mnara, ndiyo basi tena.

Watu wengi hukosea hapa kwa sababu simu haiwaambii ukweli wote. Vijistari vile vinapima nguvu ya ishara kati ya simu na ruta, havijui lolote kuhusu ruta hadi mnara. Kabla ya kununua kifaa chochote, simama hatua mbili tu kutoka kwenye ruta na upime kasi. Ikiwa hapo hapo mtandao ni mzito, shida iko nje: sogeza ruta upande wa mnara, badili mtandao wa simu, au nunua antena ya nje ikiwa ruta yako ina tundu la kuichomeka. Ikiwa hapo ni mwepesi na chumbani ni mzito, ndipo tuzungumze kuhusu kuongeza waifai.

Mafundi na wauza duka wengi watakuuzia ripita, kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi. Ni rahisi, haihitaji waya, na inafanya kazi, ila ujue bei yake halisi. Ripita ni kama mkalimani wa mhubiri kwenye mkutano wa injili: hawezi kusema mpaka mhubiri anyamaze, na mhubiri hawezi kuendelea mpaka yeye amalize. Ripita inayopokea na kurusha kwa masafa yaleyale inakata kasi yako karibu nusu, kwa sababu kila neno linarushwa hewani mara mbili. Ile yenye masafa mawili, inayopokea kwa 5 na kugawa kwa 2.4, inapunguza hasara hiyo. Kosa lingine linakera zaidi: watu huichomeka kwenye chumba kile ambacho waifai haifiki. Ikishindwa kusikia, itarudia nini? Mahali pake ni katikati ya safari, pale ambapo ishara bado ni nzuri. Programu za kupimia waifai kwenye simu huonyesha namba hasi: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha video, -80 ni ya kusikitisha. Ichomeke ripita mahali panaposoma kama -60.

Mfumo wa meshi, yaani vikasha viwili au vitatu vinavyopeana zamu chini ya jina moja la mtandao, una akili zaidi na bei kubwa zaidi. Ukiununua, bado vikasha hivyo vitagombana na kuta zilezile.

Mimi naona jibu liko kwa wachimbaji. Wimbi la masafa haya halipenyi mwamba. Katika migodi ya chini ya ardhi, na mmojawapo ni Bulyanhulu kule Kahama, hakuna anayejaribu kulisukuma wimbi la waifai ndani ya jiwe. Desturi ya migodi ya namna hiyo duniani ni kulaza waya njia nzima, mara nyingi ukiwa ni waya maalumu wenye ganda lililotobolewa kwa makusudi ili uvujishe mawimbi kidogokidogo kila mahali unapopita. Wimbi linasafiri ndani ya waya hadi karibu na mtu, kisha linaruka mita chache za mwisho.

Fanya hivyo nyumbani. Ruta ya laini iache dirishani inapouona mnara. Kutoka hapo vuta waya wa mtandao wa Cat 5e au Cat 6 hadi katikati ya nyumba, na mwisho wake chomeka kikasha cha pili cha kugawa waifai. Waya huo unabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100 na haujali bati wala tangi. Dai shaba tupu. Madukani umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao ni dhaifu na hukatika ukikunjwa. Hata kikasha cha pili si lazima kiwe kipya. Ruta ya zamani iliyotupwa kabatini inafaa: ingia kwenye mipangilio yake, zima kazi ya kugawa anwani (DHCP), ipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa, ipe jina na nenosiri lilelile la waifai, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Ruta kubwa ikitumia chaneli 1, hii ipe 6 au 11, kwa kuwa katika gigahezi 2.4 hizo tatu haziingiliani. Simu itachagua yenyewe iliyo karibu.

Nje ya nyumba, pasipo kuta, wimbi hilohilo dhaifu linashangaza. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli wa Venezuela aliunganisha vilele viwili vya milima kwa vifaa vya waifai na antena za sahani, umbali wa kilomita 382. Kutoka Mwadui hadi Arusha kwa mstari mnyoofu hakufiki huko. Antena ya sahani haiongezi nguvu, inaikusanya tu upande mmoja. Na ukishuka masafa, wimbi linavumilia vizuizi zaidi: mtandao wa kijamii wa Kondoa, mkoani Dodoma, umetumia nafasi zilizo wazi kwenye masafa ya televisheni kufikisha intaneti mahali ambapo waifai ya kawaida ingeishia kwenye miti. Kwa duka na nyumba zinazotazamana, mita mia mbili au tatu, jozi ya antena ndogo za kuelekezana inatosha.

Umeme ukikatika, ruta nyingi hazihitaji jenereta. Soma kibandiko cha chini: ikiandikwa volti 12 na ampea 1, hiyo ni wati 12 kwa wingi wake, na kuna vibetri vidogo vya akiba vilivyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Hakikisha volti zinalingana.

Jambo la mwisho ni radi, maana bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Waya wa shaba uliopita nje kutoka nyumba moja hadi nyingine unaweza kuingiza umeme wa radi kwenye vikasha vyote viwili na kila kilichounganishwa navyo. Kati ya majengo tumia antena za kuelekezana au faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme. Kama umeshavuta shaba, chomoa ncha zote mbili mawingu yanapoanza kujikusanya, wala usingoje ngurumo ya kwanza.