Kadi ya Mtandao Isiyoonekana katika Kompyuta ya Linux

Mtu asemapo kwamba kompyuta yake "haioni" kadi ya mtandao, hutumia kitenzi kimoja kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Huenda kompyuta haikuiona kadi hata kidogo. Huenda imeiona lakini haijui namna ya kuiendesha. Tena huenda yaiendesha barabara, ila kwa jina ambalo mwenye kompyuta hakulitazamia. Kutotenganisha maana hizi ndiko kunakowafanya watu watupe kadi nzima na kununua nyingine.

Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, la kwanza ni kuandika amri lspci -nn. Amri hii haiulizi kama kadi yafanya kazi. Yauliza tu ni vifaa gani vilivyoitika vilipoitwa katika njia ya PCI. Kila kifaa hujitaja kwa namba mbili, ya kiwanda na ya kifaa chenyewe. Namba 8086 ni ya Intel, 10ec ni ya Realtek. Hivyo 10ec:8168 ni kadi ya Realtek iliyoenea sana. Kadi isipotajwa hapo, kusimika programu ni kazi bure: sharti ing'olewe na kupachikwa upya, ijaribiwe katika nafasi nyingine, au itazamwe katika mipangilio ya BIOS kama imefungwa. (Kadi za USB hazimo katika orodha hii, hizo huulizwa kwa lsusb.)

Ikiwa imetajwa, swali ni la kiendeshi. Amri lspci -k huonyesha kiendeshi kilichoishika kadi. Kwa hiyo ya Realtek aghalabu ni r8169. Lakini yafaa kusoma pia taarifa za dmesg, kwa kuwa kadi nyingi, hasa zisizo na waya, haziamki mpaka zipakiwe programu ndogo ya kiwanda. Hapa ndipo penye taabu kubwa. Programu hiyo kwa kawaida si huru, na Debian iliitenga na kerneli yake katika toleo la 6.0 la mwaka 2011. Basi mtu akajikuta ahitaji mtandao ili apate kile kitakachompa mtandao. Njia ilikuwa kuichukua kwa kompyuta nyingine na kuileta kwa kijiti cha USB. Tangu toleo la 12, la mwaka 2023, faili rasmi ya kusimika Debian huja nayo.

Maana ya tatu huwapoteza wengi, ingawa haina ubovu wowote. Zamani kadi ziliitwa kwa zamu ya kugunduliwa, eth0 kisha eth1, kama asemwavyo mtoto kuwa kifungua mimba na mwingine kuwa mfuasi wake. Mwaka 2013 systemd 197 ilileta majina ya mahali: enp3s0 ni kadi iliyo katika basi ya 3, nafasi ya 0. Jina la mahali ni thabiti kuliko la zamu, walakini si la milele. Kadi nyingine ikipachikwa, namba za basi zaweza kusogea, na enp3s0 ikawa enp4s0, hali faili /etc/network/interfaces ingali ikiita jina la kwanza, wala hapana wa kuitika. Amri ip link hutaja kadi zote, hata zisizowashwa, ambazo ifconfig bila -a huzificha. Jina likipatikana, hurekebishwa katika faili. Ikiandikwa DOWN, msimamizi huiwasha kwa ip link set enp4s0 up. Na ikiandikwa NO-CARRIER, kitu cha kutazamwa ni waya.