Joto la mchanga na watoto wa kasa wa Msimbati

Nilipokuwa fildi Mtwara Vijijini nilifundisha kidato cha nne jinsi jinsia inavyopatikana: X na X msichana, X na Y mvulana. Mwanafunzi mmoja wa Msimbati akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kasa?" Nikamjibu haraka kwamba ni vilevile. Jamani, nilikosea.

Kasa hana X wala Y. Yai likitagwa, jinsia bado haijaamuliwa. Kinachoamua ni joto la mchanga, hasa katika theluthi ya kati ya zile siku 50 hadi 60 ambazo yai hukaa chini. Kwenye nyuzijoto 29 hivi, madume na majike hukaribia kulingana. Mchanga ukipoa, madume huongezeka. Ukipata moto, majike. Ukikaa juu ya 33 au 34 kwa muda mrefu, mayai mengi huharibika, na watoto wanaotoka huwa wadogo, hutambaa polepole, kaa wanawawahi. (Mamba wa Ruvuma nao hufuata joto, ila kwao dume hupatikana katikati, jike kwenye ubaridi na kwenye joto kali. Hiyo ni mada nyingine.)

Kwa hiyo shimo refu si sawa na fupi, wala kivuli cha mivinje si sawa na ufuko mtupu.

Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga huko. Kiota kikiwa mahali ambapo bamvua itakifikia, wahifadhi huweza kukihamisha. Kazi nzuri, lakini anayehamisha anachagua pia jinsia: akizika juujuu penye jua kali, anaweza kupata majike watupu. Tena asiligeuze yai. Saa chache baada ya kutagwa, kiini hushikamana na ganda upande wa juu, ukiligeuza, kinakufa.

"Si majike wengi ndio mayai mengi?" rafiki yangu wa hosteli aliniuliza. Kwa muda, ndiyo, maana dume mmoja hupanda majike kadhaa. Ila kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga ni majike. Na kasa hukomaa baada ya miaka 20 na zaidi, kwa hiyo upungufu wa madume wa leo hatutauona leo.

Wiki iliyofuata nilisahihisha jibu langu darasani. Yule mwanafunzi akauliza tena: ndani ya kiota kimoja, joto ni sawa kote? Hapana. Mayai ya katikati hupata moto zaidi, kwa sababu watoto wenyewe hutoa joto wanapokua.