Sindano Inayokaa Mwilini

Leo tutajifunza habari za sindano wanayopewa watu wenye maradhi ya akili yaitwayo skizofrenia. Ni sindano ambayo ikichomwa mara moja hufanya kazi kwa majuma kadhaa.

Kwanza tuyatazame maradhi yenyewe. Mwenye skizofrenia aweza kusikia sauti za watu wasiokuwapo, au kusadiki kwamba jirani zake wanamfanyia njama. Huo si ulevi wala si tabia mbaya, na mgonjwa hakujitakia. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mamilioni ya watu duniani wana maradhi haya.

Viko vidonge vinavyosaidia, lakini yapasa kumezwa kila siku. Hapo ndipo penye tabu. Tufanye mfano wa kijana mvuvi. Amemeza vidonge miezi mitatu, sauti zimenyamaza, naye amerudi baharini. Asema, "Nimekwisha pona, vidonge vya nini tena?" Aviacha. Majuma yapita, hana neno. Kisha aanza kukesha usiku, na sauti zinarudi. Kwa ajili ya tabu kama hiyo, katika miaka ya 1960 wataalamu walitengeneza sindano za flufenazini.

Sindano hiyo hufanyaje kazi? Dawa huunganishwa na asidi ya mafuta, kisha huyeyushwa katika mafuta ya ufuta. Mwuguzi huichoma ndani sana, katika mnofu wa tako. Mafuta hayo hukaa pale kama nafaka ghalani, na mwili hutoa kibaba leo, kibaba kesho. Dawa huingia damuni, hufika kwenye ubongo, na huko hupunguza nguvu za dopamini, yaani kitu kimojawapo ambacho chembe za ubongo hutumia kupashana habari. Kwa kawaida sindano moja hutosha majuma 2 hadi 5, kama daktari atakavyoona. Siku hizi ziko pia sindano nyingine za mwezi mmoja na za miezi 3. Na mwaka 2021 Marekani iliidhinisha moja ya miezi 6.

Sasa, ndugu msikilizaji, shika mambo matatu.

La kwanza ni tarehe. Mgonjwa asipofika siku yake, ghala haliishi siku hiyo hiyo. Atakula, atacheka, atafanya kazi, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Maradhi yaweza kurudi baada ya majuma au miezi, wakati hakuna tena nyumbani aikumbukaye sindano iliyokosekana. Basi iandike tarehe mahali panapoonekana. Ikipita, nendeni hata kesho yake, msione haya.

La pili: dawa ikiisha kuingia mwilini haitolewi. Kwa hiyo daktari huanza na vidonge, au na kipimo kidogo, aone mwili unavyoipokea. Mgonjwa akikakamaa viungo, akitetemeka mikono, akishindwa kutulia mahali pamoja, au ulimi na midomo ikichezacheza yenyewe, msinyamaze wala msikimbie kliniki. Semeni, maana kipimo chaweza kupunguzwa, au dawa ikabadilishwa. Lakini homa kali pamoja na mwili kukakamaa na akili kuchafuka ni hatari. Hapo mpelekeni hospitali mara moja.

La tatu: sindano si adhabu. Usimtishe ndugu yako kwa kumwambia, "Ukileta ukorofi utachomwa." Mgonjwa aelezwe dawa ni nini, aulizwe, asikilizwe. Aliyekubali kwa hiari yake huikumbuka tarehe hata pasipo kukumbushwa. Aliyelazimishwa hutafuta njia ya kutoroka. Tena sindano haiondoi maradhi kabisa. Huyazuia, ili mtu apate nafasi ya kufanya kazi, kulea watoto na kukaa na wenzake. Nafasi hiyo hapana budi sisi jamaa na majirani tumpe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini madhara ya kukosa sindano hayaonekani siku ile ile?
2. Mgonjwa akilalamika kuwa mwili unakakamaa, mtafanya nini?
3. Katika mtaa wenu, mgonjwa wa akili aliyepata nafuu hupewa kazi? Kama hapewi, ni kwa sababu gani?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.